Ni Mbweha Tu

   Vuta kiti, na kama watoto wako karibu waite wasikilize pia, kwa maana mazungumzo ya leo yanawahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika kituo kimoja cha afya. Saa nne asubuhi waliingia baba na mama, katikati yao kijana wao wa miaka kama kumi. Walisema ana homa na koo linamkaba. Nikampa maji kikombe ili ameze dawa. Alipokileta kikombe karibu na mdomo, mwili wote ulitetemeka, shingo ikakakamaa, akakisukuma mbali na mate yakimtoka. Nikajua. Ndugu msikilizaji, ukishaona jambo hilo mara moja hulisahau.

Nikamwuliza baba, "Mzee, kijana huyu aliumwa na mbwa?"

Akajibu, "Hapana sista, hajaumwa na mbwa."

Nikauliza tena, kwa njia nyingine. Ndipo mama yake akasema, "Sista, kuna siku alikuwa akichunga mbuzi. Ni mbweha tu. Alimkwaruza mkononi kwa meno, kidonda kikapona chenyewe."

Hayo yalikuwa yametokea wiki saba kabla. Tulifanya tuliloweza kumpunguzia maumivu. Siku ya tatu kijana akafariki.

Nimeliwaza sana lile neno "tu". Wazazi wale hawakuwa wazembe. Laiti angeumwa na mbwa wa jirani, wangemleta siku ile ile, kwa sababu kila mtu anajua mbwa ana kichaa. Lakini mbweha ni mnyama wa porini, hana mwenyewe, hana jina, na ugonjwa wenyewe tunauita kichaa cha mbwa. Jina limetudanganya. Baadaye, tulipozungumza na majirani, ilijulikana kuwa majuma mawili kabla ya kijana kuumwa, mbweha alikuwa ameingia bomani kwa mtu wa pili mchana kweupe, akamwuma ndama, akapigana na mbwa watatu. Watu walimfukuza, wakacheka, wakaendelea na kazi. Hakuna aliyemwambia mzee wa kijiji wala daktari wa mifugo.

Basi leo tuzungumze juu ya ugonjwa huu kwa wanyama wa porini, hasa mbweha: namna wataalamu wanavyoufuatilia mwaka baada ya mwaka, walichojifunza, na namna wewe na mimi tulivyo sehemu ya kazi hiyo.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akikuuma, au akilamba kidonda, virusi huingia mwilini. Haviendi na damu kama malaria. Hupita katika mishipa ya fahamu, polepole, vikipanda kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa juma moja, yaweza kukaribia mwaka. Muda huo wote mtu anajiona mzima. Lakini virusi vikishafika kwenye ubongo na dalili zikatokea, hakuna dawa ya kumponya.

Duniani inakadiriwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Hapa Kenya ugonjwa ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa, pembeni mwa Nairobi. Kwa hiyo tumeishi nao kwa zaidi ya miaka mia moja.

Sasa, mbweha. Sisi jina hilo tunawaita nalo wanyama zaidi ya mmoja. Yuko yule mwenye mgongo mweusi uliochanganyika na mvi, mjanja, anayelia usiku na kuvizia kuku na watoto wa mbuzi. Yuko pia mbweha mdogo mwenye masikio makubwa mno, ambaye chakula chake hasa ni mchwa na wadudu wengine. Husikiliza ardhi kwa masikio hayo, kisha huchimba. Sisi tunaoishi kati ya Milima ya Chyulu na Tsavo ni majirani wa wanyama hawa. Wala si maadui zetu. Wanakula panya, wanakula mizoga, wanasafisha mazingira. Mbweha mzima akikuona hukimbia.

Lakini jirani hukutana na jirani. Mbweha hula mzoga ule ule anaoula mbwa wako. Huja usiku kwenye jalala, kwenye machinjio, mahali mbuzi alipozalia, na kiangazi kikiwa kikali huja kunywa maji mahali mifugo inaponywa. Hapo ndipo huumana. Mbwa humwambukiza mbweha, na mbweha humwambukiza mbwa.

Utauliza: wataalamu wanajuaje ugonjwa unaendaje huko porini? Mbweha hapangi foleni kliniki. Hana kadi. Akiugua hujificha, akifa fisi na tai humaliza mzoga kabla ya jua kutua. Ni swali zuri, na jibu lake lina njia nne.

Njia ya kwanza ni mizoga. Mnyama akipatikana amekufa, au ameuawa kwa sababu ya tabia za ajabu, kichwa chake hupelekwa maabara kikiwa ndani ya barafu, kwa mfano katika maabara kuu ya mifugo ya Kabete. Ubongo hupimwa, kwa maana ndipo virusi vya kichaa vinapopatikana kwa uhakika.

Njia ya pili ni damu. Wanyama hukamatwa kwa dawa ya usingizi, hutolewa damu kidogo, huachiliwa. Damu huonyesha ni maradhi gani mnyama alikutana nayo akapona. Kwa kichaa njia hii haisaidii sana, maana mnyama mgonjwa haponi. Lakini kuna maradhi mengine ya virusi ambayo damu huyasema wazi. Mojawapo ni distempa, ugonjwa wa mbwa usiompata binadamu. Mwaka 1994 distempa iliingia Serengeti na Maasai Mara. Simba wapatao elfu moja walikufa, kama theluthi moja ya simba wote wa Serengeti. Fisi walikufa, na mbweha wenye masikio makubwa nao walikufa. Waliodhaniwa kuwa chanzo ni mbwa wa vijiji vilivyoizunguka mbuga, mbwa kama wangu na wako, ambao hawakuwa na chanjo.

Njia ya tatu ni kusoma ukoo wa virusi. Kila kirusi kina alama zake za urithi, kama vile ng'ombe anavyokuwa na chapa ya mwenyewe. Mtaalamu akilinganisha kirusi kilichotoka kwa mbweha na kile cha mbwa, anajua kama ni wa ukoo mmoja au koo mbili.

Njia ya nne ndiyo ya zamani kuliko zote: kwenda kwa watu na kuwauliza. Nani aliumwa? Na mnyama gani? Lini? Mnyama huyo alitokea wapi, akaelekea wapi, akauma nani mwingine? Mtafiti hufuata nyayo za ugonjwa kutoka boma hadi boma, kama mchungaji anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea.

Sasa sikiliza walichokiona kwa kutumia njia hizi kwa miaka mingi.

Twende Serengeti, kwa jirani zetu wa Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kichaa kiliwapata mbweha wenye masikio makubwa wa mbuga ile, kikaua wengi. Wanyama hao huishi kwa familia, hulala shimo moja, hulambana na kusafishana. Akiugua mmoja, familia nzima iko hatarini. Watu wakahofia: je, ugonjwa umeshahamia porini? Je, sasa unaishi huko wenyewe, na hata tukichanja mbwa wote hautakwisha?

Wataalamu walikusanya ubongo wa wanyama wa aina nyingi, wa nyumbani na wa porini, wakasoma ukoo wa virusi. Wakakuta ni ukoo ule ule mmoja kwa mbwa na kwa wanyama wa porini. Walipofuata nani kamwambukiza nani, waliona kwamba ugonjwa ukiingia kwa wanyama wa porini huzunguka kidogo kisha hufifia. Anayeuweka hai mwaka baada ya mwaka ni mbwa wa kijijini.

Jambo hilo lilijaribiwa kwa vitendo. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2001 mbwa wa vijiji vya wilaya ya Serengeti walichanjwa kwa kampeni. Baada ya kampeni ya kwanza, kichaa kwa mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya kampeni ya pili kilipungua kwa asilimia 97. Na watu waliokwenda hospitalini kwa kuumwa na mbwa walipungua pia.

Lakini usije ukadhani kila mahali ni sawa. Kusini mwa Tanzania, katika mikoa ya Lindi na Mtwara, watafiti walifuatilia ugonjwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2019. Huko waliona jambo la kushangaza: katika wanyama waliodhaniwa kuwa na kichaa, zaidi ya asilimia 40 walikuwa wa porini, na wengi wao ni mbweha. Hapo mtu angesema, "Basi kuchanja mbwa ni bure." Sivyo. Mbwa walipochanjwa, ugonjwa ulipungua kwa mbwa, na kwa mbweha pia ukapungua. Ukiziba chemchemi, mfereji hukauka.

Tena kuna nchi ambako mambo yamekwenda mbali zaidi. Katika sehemu za Afrika Kusini, mbweha wenyewe wameweza kuendeleza ugonjwa bila mbwa. Na kule Ulaya, ugonjwa ulienea kwa mbweha wekundu wa msituni. Wazungu walijaribu kuwaua mbweha kwa bunduki, kwa mitego, kwa sumu. Haukwisha, maana mbweha wakiuawa wengine huhamia mahali pao, wakaja na ugonjwa. Ndipo mwaka 1978, nchini Uswisi, wataalamu wakatega vichwa vya kuku vilivyotiwa chanjo ndani yake. Mbweha akatafuna kichwa cha kuku, akajichanja mwenyewe bila kujua. Nchi ile ilitangazwa kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 1999. Nakuambia haya ili uone mambo mawili. Kwanza, kumwua mbweha si tiba. Pili, ni lazima kuangalia na kuhesabu kila mwaka, maana bila hesabu hatutajua kama kwetu ugonjwa bado unategemea mbwa, au umeanza kusimama kwa miguu yake huko vichakani.

Na sasa turudi nyumbani Ukambani, kwa sababu hapa kwetu ndipo palipofanyika moja ya hesabu zilizosifika. Mwaka 1992 na 1993, katika wilaya ya Machakos, watafiti walichagua kata ndogo sita. Hawakukaa ofisini kungoja ripoti. Waliwaomba wanakijiji wenyewe wawe macho yao: mnyama akiugua, mtu akiumwa, habari itolewe. Wakakuta kwamba katika kila mbwa 100,000, wapatao 860 walikuwa wakipata kichaa kwa mwaka. Ni sawa na karibu mbwa tisa katika kila elfu moja. Na katika kila watu 100,000, watu 234 waliumwa na wanyama kwa mwaka. Idadi hiyo ilizidi mara nyingi sana ile iliyokuwa ikifika serikalini kwa njia ya kawaida.

Fikiria jambo hilo, msikilizaji. Wagonjwa walikuwapo. Mbwa walikuwa wakifa. Lakini daftari la serikali lilikuwa jeupe, kwa sababu aliyeona hakusema. Na serikali hupeleka chanjo kulingana na daftari. Ukinyamaza, kijiji chako kinaandikwa kuwa salama, na chanjo inapelekwa kwingine.

Watafiti wale walijifunza jambo jingine kuhusu mbwa wetu. Zaidi ya nusu ya nyumba zilifuga mbwa, na maisha ya mbwa hao yalikuwa mafupi: kwa wastani, mbwa hakufikisha hata miaka minne. Maana yake ni nini? Mbwa uliyemchanja mwaka jana huenda ameshakufa, na nyumbani kuna watoto wa mbwa watatu wasio na chanjo. Ndiyo sababu kampeni hurudi kila mwaka. Si kwamba daktari wa mifugo anapenda kukusumbua. Ili ugonjwa ukatike, yapaswa mbwa 70 katika kila mia wawe na chanjo. Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hautatimizwa na karatasi. Utatimizwa na mtoto anayemvuta mbwa kwa kamba hadi uwanja wa shule siku ya chanjo.

Haya, tuingie katika mambo ya kufanya. Chukua kalamu kama unayo.

La kwanza, tambua dalili. Mbweha anayeingia bomani mchana, asiyeogopa watu, anayepepesuka kama mlevi, anayeuma chochote hata mti au jiwe, anayetokwa na mate, huyo ni wa kuogopwa. Vivyo hivyo nguchiro, nyegere, fisi au paka mwitu anayefanya hivyo. Wakati mwingine mnyama mgonjwa hana ukali wowote. Anakuwa mpole kupita kiasi, amelala tu, anakubali kuguswa. Waambie watoto wanaochunga: mnyama wa porini anayekubali kuguswa si rafiki. Wasimrushie mawe, wasimbebe mtoto wake, wapande mahali pa juu au waondoke na kuita mtu mzima.

Na kwa wafugaji: ng'ombe akianza kulia ovyo, mate yakimtiririka na kushindwa kumeza, usikimbilie kumtia mkono mdomoni ukidhani amekwama na kokwa la embe. Huku kwetu kwenye miembe kosa hilo ni rahisi sana. Mwite daktari wa mifugo kwanza. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa kwa dalili hizo asichinjwe wala asiliwe, na maziwa yake yamwagwe.

La pili, mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, paka, mbweha au mnyama mwingine yeyote wa porini mwenye meno ya kutafuna nyama, osha kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Dakika 15 ni karibu muda wa taarifa ya habari redioni. Usioshe kwa dakika moja ukasema tayari. Najua kwetu maji ni ya taabu, na kiangazi mtungi mmoja hununuliwa kwa pesa. Lakini mtungi huo ni wa siku hiyo. Sabuni huua virusi hivi, na kila tone linalovitoa kwenye kidonda ni nafasi ya uhai. Usipake majivu, wala pilipili, wala mafuta ya taa, wala maji ya betri. Usikifunge kidonda kwa nguvu, na usikubali kishonwe haraka kabla hakijaonwa na mhudumu wa afya anayejua ni cha kuumwa.

La tatu, nenda kituo cha afya siku ile ile. Sema wazi umeumwa na mnyama gani. Ukiwa umeumwa na mbweha, sema mbweha, na usiongeze neno "tu". Utapewa chanjo, na kama kidonda kimetoboa ngozi utahitaji pia dawa nyingine ya kinga inayodungwa kuzunguka kidonda. Kituo kikiwa hakina chanjo, usirudi nyumbani kulala. Uliza ni hospitali gani inayo, na uende. Chanjo hii si sindano moja. Utapewa tarehe za kurudi. Zifuate zote hata kama kidonda kimepona na unajiona mzima. Wajawazito na watoto wachanga pia hupewa.

Wako wazee wanaoogopa wakikumbuka sindano nyingi za tumboni za zamani. Hizo zimepitwa na wakati. Siku hizi ni sindano chache, na hudungwa mkononi. Chanjo ya ugonjwa huu si jambo geni. Ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1885 kule Ufaransa, pale Louis Pasteur alipomwokoa mvulana wa miaka tisa aliyekuwa ameumwa na mbwa. Ni jambo la uchungu kwamba miaka zaidi ya mia moja baadaye mtoto wa Ukambani anakufa kwa ugonjwa ambao kinga yake ilikuwapo kabla reli haijafika Makindu.

La nne, mpeleke mbwa wako kwenye chanjo kila mwaka, na utunze cheti chake. Paka pia. Mpeleke hata mtoto wa mbwa. Usimwache nyumbani ukisema bado mdogo, mwache daktari wa mifugo aamue. Mbwa aliyechanjwa ni ukuta kati ya mbweha na mtoto wako. Zika mizoga, na usitupe mabaki ya machinjio ovyo, ili mbwa na mbweha wasikutane mezani.

Mbwa wa nyumbani akimwuma mtu na huyo mbwa bado ni mzima, msimwue kwa hasira. Mfungeni mahali salama, apewe chakula na maji, na daktari wa mifugo amwangalie kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi katika mate yake siku alipouma. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo ziishe. Aanze matibabu mara moja. Kwa mnyama wa porini hakuna kungoja wala kuchunguza.

La tano, na ndilo ninaloliomba kuliko yote: sema. Ukimwona mbweha wa namna niliyoeleza, ukikuta mizoga ya mbweha miwili mitatu imelala bila sababu, ukisikia mbwa wa kijijini wameanza kufa au kupotea, toa habari. Mwambie mzee wa kijiji, mhudumu wa afya ya jamii, naibu wa chifu, ofisi ya mifugo, au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Sema ni wapi, ni lini, ni mnyama gani, alielekea upande gani, amemwuma nani. Mzoga usiuguse kwa mikono mitupu, wala usiuache mbwa wakaula. Ufunike kwa miiba na mawe hadi mtaalamu afike, maana kichwa chake kinahitajika maabara. Ukifanya hivyo umefanya kazi ile ile waliyofanya wanakijiji wa Machakos mwaka 1992. Wewe ndiwe mtafiti wa kwanza.

Mpenzi msikilizaji, kabla sijamaliza nirudi kwa kijana wetu. Kulikuwa na siku tatu za kumwokoa. Siku ya kwanza ni ile mbweha alipoingia kwa jirani mchana na hakuna aliyesema, wachungaji wangeonywa. Siku ya pili ni ile mbwa wa kijiji walipokosa chanjo, ugonjwa ukapata njia ya kupita. Siku ya tatu ni ile aliyorudi nyumbani jioni na alama ndogo ya meno mkononi. Siku ile sabuni ilikuwapo nyumbani, maji yalikuwapo, na kituo cha afya kilikuwa kinafunguliwa asubuhi. Kilichokosekana ni habari peke yake. Leo habari umeipata.

Kwa hiyo leo jioni, watoto wakirudi na mbuzi, waulize swali moja: "Kuna mnyama aliyekugusa leo?" Uwaulize kwa upole, ili wasiogope kuchapwa na kuficha. Watoto wengi huficha kidonda kwa sababu walikuwa wakicheza mahali walipokatazwa. Mtoto ajue kwamba akisema hatapigwa.

Kama jirani yako hana redio, mpelekee habari hizi. Na ukikutana naye kisimani au sokoni akakuambia mtoto wake ameumwa, lakini ni mbweha tu, mshike mkono, mwende naye kituo cha afya.